Ikikuuma, Haijafika

Boti za kwenda kisiwa cha Mbudya zinaondokea Kunduchi, na ukiwahi asubuhi bahari inakuwa imelala. Siku ile tuliwahi. Tulikuwa watu tisa wa ofisi moja, tuna maji, matikiti na mkeka, samaki tutakula hukohuko. Nilikaa ubavuni mwa boti. Nikahama, nikaegemea upande wa kushoto. Nikahama tena. Kila wimbi likiinyanyua boti na kuibwaga, mimi nauma meno. Mwenzangu mmoja akaniuliza kama naogopa maji, nikamjibu ndiyo, kidogo. Uongo mtupu. Mimi mtoto wa Tanga, maji yaniogopeshe nini? Nilikuwa nimeweka tamponi, kile kipande cha pamba kinachoingizwa ukeni kunyonya damu ya hedhi, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nilijihisi kama nimekalia kizibo cha chupa.

Jioni niliitoa, nikaitazama, nikajiambia basi ndivyo zilivyo. Wenye nazo wamezoea, nami nitazoea. Nilikuwa na miaka 26. Iliendelea kuniuma vivyo hivyo kwa karibu miaka miwili. Si kila mwezi, ila kila mwezi uliokuja na bahari, au harusi ya nguo nyeupe, au basi la kutwa nzima kwenda Mwanza. Kwa miaka miwili nilikuwa natembea kama mtu mwenye jipu na sikumwuliza mtu.

Kwa nini sikuuliza, hilo lina historia yake.

Nilipovunja ungo mama hakusema neno. Alimwita somo yangu, kama ilivyo desturi kwetu, naye akaja na kanga mbili kuukuu zilizolainika kwa kufuliwa, akafunga mlango wa chumba. Alinifundisha kukunja kitambaa na kukifunga kisidondoke. Alinifundisha kukifua kwa maji baridi kwanza, maana ya moto yanaigandisha damu kwenye nguo haitoki tena, na kukianika juani lakini chini ya kanga nyingine ili mpita njia asikione. Kwamba damu yangu asiione mtu, maana watu si wema. Kwamba nikiwa mwezini sisali wala sifungi, na funga nitailipa baadaye. Na tumbo likinisokota nivumilie. Ndiyo ukubwa huo, mwanangu, akasema.

Simlaumu. Usafi alionifunda sijauacha mpaka leo, na nimekutana na wanawake wenye shahada mbili ambao hawajui hilo la maji baridi. Ila lile neno la kuvumilia nililibeba hadi mahali ambapo halikuwa na kazi. Nikadhani kila kinachohusu hedhi sharti kiume kidogo, na kisipouma huenda ndiyo kuna tatizo.

Kile kisanduku cha kwanza nilipewa ofisini na mwenzetu Mjerumani aliyekuwa anamaliza mkataba na kugawa vitu vyake. Kilikuwa kimeandikwa o.b., akanieleza kuwa ni kifupi cha ohne Binde, yaani bila pedi. Jina la wazi kabisa, nikacheka. Baadaye nikasoma kuwa tamponi ya kisasa yenye kibomba cha kuisukumia ilibuniwa na daktari Mmarekani, Earle Haas wa Colorado, aliyepata hataza yake mwaka 1933. Hizi za Kijerumani zisizo na kibomba, za kuingiza kwa kidole, zilifika madukani mwaka 1950, na aliyezisanifu alikuwa daktari wa kike, Judith Esser. Nikiwaza, naona inaleta maana. Haas aliona vema mtu asijiguse. Esser hakuona ubaya wa mwanamke kugusa mwili wake mwenyewe. Mimi nilipewa ya Esser nikiwa na malezi ya Haas, ndiyo maana niliiingiza kwa ncha ya kidole, haraka haraka, macho nimefumba, nikaiacha mlangoni.

Ndani ya kisanduku mlikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nane, lugha kama kumi, Kiswahili hakimo. Mchoro ulimwonyesha mwanamke amesimama, mguu mmoja ameukanyagisha juu ya choo cha kukaa. Mimi choo changu kilikuwa cha kuchuchumaa, sakafu imelowa, ndoo pembeni, mlango haufungi sawasawa. Nikajaribu kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Haikusaidia.

Aliyeniokoa ni shoga yangu mmoja, mkunga. Tulikuwa kwake tunachambua mchele wa shughuli, watu wametoka, nikaropoka tu kwamba mimi vile vitu sitaki tena, vinaniuma. Akaacha sinia. Akaniuliza vinaniuma wapi. Nikamwonyesha kwa ishara. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akasema maneno ambayo tangu hapo nimewaambia wanawake wengi: "Shoga, ikikuuma, haijafika."

Akaokota soksi ya mwanawe. Unaona hii lastiki, akasema, huu ndio mlango. Hapa pana misuli inayobana, na hapa ndipo penye hisia nyingi. Akapenyeza vidole ndani ya soksi. Ukishavuka lastiki, huku ndani hakuna kinachobana, na hisia ni chache mno, ndiyo maana kitu kikikaa huku hukisikii. Wewe umeiegesha kwenye lastiki. Kila ukikaa, misuli inabana pamba. Lazima iume!

Miaka miwili, jamani. Nilichokuwa nakivumilia hakikuwa tamponi. Ilikuwa sentimita tatu.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikajaribu upya, na sitasahau. Nilinawa mikono kwa sabuni, kucha nikazikagua. Nikaondoa karatasi ya plastiki, nikauvuta uzi kidogo kuhakikisha umeshika, nikauzungusha mpaka kitako cha tamponi kikafunguka na kufanya kishimo cha kuingiza ncha ya kidole. Kisha nikachuchumaa. Nikuambie kitu ambacho ile karatasi ya lugha kumi haikukijua: choo cha kuchuchumaa, hiki tunachokionea haya mbele ya wageni, ndicho mahali pazuri kuliko pote pa kuweka tamponi. Ukichuchumaa na kupanua magoti, njia inafupika na misuli ya chini inalegea yenyewe. Yule mwanamke wa mchoroni ananyanyua mguu ili apate robo ya kile ambacho sisi tunakipata kila asubuhi.

La pili alilonifundisha mkunga lilikuwa mwelekeo. Mimi nilikuwa naisukuma juu, wima, kama mtu anayepandisha bendera. Uke haukusimama wima. Umelala kuelekea nyuma. Kwa hiyo unalenga kiunoni, kwa nyuma, kama vile unataka kugusa pale chini kabisa mgongo unapoishia. Ukisukuma wima unagota kwenye ukuta wa mbele na unaumia bure. Ukilenga nyuma, inateleza. Unaisukuma kwa kidole cha shahada au cha kati, kile kirefu, mpaka kidole kiingie hadi kiungo cha katikati hivi, pumzi ukiitoa taratibu kwa mdomo. Usikaze tumbo. Ukijikuta umekaza taya, ujue na huko chini umekaza pia. Hili nalo ni la mkunga, anawaambia wazazi leba.

Nilisimama. Nikaruka. Nikakohoa. Nikakaa kwenye kigoda kigumu cha jikoni, kile cha mbuzi ya kukunia nazi. Sikusikia kitu. Nilidhani imeanguka, nikaangalia sakafuni. Uzi ulikuwa pale unaning'inia, tamponi ipo mahali pake, na mimi nilikuwa nimekaa wima kwa mara ya kwanza.

Kama bado unaisikia, itoe na uanze na nyingine. Usiisukume tena ileile iliyokwisha kuvimba, na usijiambie utaizoea. Na kama umejaribu siku ambayo damu ni chache, tatizo linaweza kuwa ukavu tu. Siku ya kujifunza ni siku ya pili, damu inapokuwa nyingi, kwa tamponi ndogo kabisa dukani. Wanaojifunza na kubwa wakidhani ndiyo inaaminika zaidi wanajitesa.

Wapo ambao hata wakilenga sawa, wakalegea, wakachuchumaa, misuli inajifunga yenyewe na maumivu yanakuwa kama kisu. Hilo si uzembe wao. Lina jina na lina tiba, na daktari wa magonjwa ya wanawake analijua. Vivyo hivyo kwa aliyekeketwa, hasa aliyeshonwa. Huyo asijilazimishe kwa sababu mimi nimesema njia inateleza.

Sasa maji. Hapa ndipo maelezo ya dukani yanatuacha kabisa, kwa sababu yameandikwa na watu wa tishu. Sisi tunachamba kwa maji, iwe kwa kopo, iwe kwa kile kipira cha ukutani. Uzi wenyewe mara nyingi ni wa pamba. Ukilowa unanyonya, na unyevu unapanda juu polepole. Haja ndogo haihitaji kuitoa tamponi, mkojo una tundu lake jingine (na huwezi kuamini ni watu wazima wangapi wamenibishia hilo), lakini uzi ukikaa katikati ya njia unaloa mkojo na siku nzima unajinusa mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kukojoa, unausogeza uzi pembeni, unaubana pajani kwa kidole. Haja kubwa, mimi naona bora kuitoa na kuweka mpya. Ukisukuma inaweza kushuka mpaka kwenye ile lastiki, na kuchamba huku uzi umening'inia nyuma ni kuutafutia uchafu. Mbele kwenda nyuma, siku zote, kama somo alivyosema kabla sijajua kwa nini.

Na ukitoka baharini au kwenye bwawa, badilisha. Ndani imekaa salama lakini uzi umelowa maji ya chumvi au dawa ya bwawa, na utakuwasha. Watu hufikiri ukiingia majini damu inakata. Haikati. Maji yanaibana tu kwa nje isitoke kwa wingi, ukipanda ngazi za bwawa unajuta. Pedi nayo majini ni janga, inanyonya bahari nzima. Nimeshamwona dada mmoja pale ufukweni Coco anatoka majini na kaptura imevimba kama kaogelea na mto wa kulalia, akajifunika kanga na kurudi nyumbani bila kuaga. Kwa ajili ya kuogelea peke yake mimi ningeshikilia tamponi hata kama zingekuwa na kasoro kumi.

Kuitoa ni kazi ndogo ikiwa imelowa vizuri. Unachuchumaa, unalegea, unavuta uzi kwa mwelekeo uleule ilioingilia, yaani kuja mbele na chini. Inatoka bila ubishi. Ikigoma na kukwaruza, haijajaa. Ama umeitoa mapema mno, ama umechagua kubwa mno kwa damu uliyonayo. Mwezi ujao chukua ndogo. Iliyotoka inazungushiwa tishu au gazeti na kutupwa kwenye pipa la taka. Usiitupe chooni, hata kama ni choo cha kuvuta maji. Pamba haiyeyuki, na siku fundi atakapokuja kuzibua shimo mbele ya baba mkwe hutakuwa na pa kuuficha uso. Kwa wale ambao, kama mimi, walilelewa na hofu kwamba damu yao ikiokotwa itafanyiwa mambo: zungushia magazeti mawili. Nami nafanya hivyo, na elimu yangu yote.

Maboksi ya Ulaya yana matone yaliyochorwa, matone mengi maana yake inanyonya zaidi. Ya Marekani yana maneno, na nyuma ya kila neno kuna gramu: ya kawaida hunyonya gramu 6 hadi 9, inayofuata 9 hadi 12, na zinapanda hadi 18. Ukisikia gramu unaweza kudhani tunamwaga ndoo. Hedhi nzima, siku zote kwa pamoja, kwa wanawake wengi ni kama mililita 30 hadi 40 za damu. Vijiko viwili au vitatu vya chakula! Inaonekana nyingi kwa sababu imechanganyika na majimaji mengine na kwa sababu nguo ni nyeupe. Ikivuka mililita 80, madaktari wanaiita nyingi kupita kiasi. Huwezi kuipima kwa kijiko, lakini kama unajaza tamponi kubwa kila saa moja au mbili, hiyo si ya kuvumilia, ni ya kwenda kuonwa.

Kuna kisa ninachokipenda. Mwaka 1983, Sally Ride alipokuwa anajiandaa kuwa Mmarekani wa kwanza wa kike kwenda angani, wahandisi walimwuliza kama tamponi 100 zingetosha kwa safari ya wiki moja. Watu waliokokotoa njia ya chombo kuizunguka dunia! Akawaambia hapana, idadi hiyo siyo. Mimi kwa hedhi ya siku tano natumia 15, zikizidi sana 18, na usiku navaa pedi.

Usiku navaa pedi kwa sababu ya saa. Tamponi haikai zaidi ya saa 8. Kila saa nne hadi nane unabadilisha, na ukilala usingizi wa Jumapili saa 8 zinapita ukiwa ndotoni. Sharti hili lina makaburi nyuma yake. Mwishoni mwa miaka ya 1970 huko Marekani makampuni yalishindana kutengeneza tamponi za kunyonya zaidi na zaidi. Moja iliyoitwa Rely, ya Procter & Gamble, haikuwa hata ya pamba, ilikuwa na vitu vya kutengenezwa vilivyovimba kama sponji, na ilisifiwa kwamba unaweza kukaa nayo muda mrefu. Mwaka 1980 zikaenea habari za wanawake wanaougua ghafla na baadhi yao kufa, na Septemba mwaka huohuo Rely ikaondolewa sokoni. Chanzo kilikuwa bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye watu wengi wanaishi naye puani au kwenye ngozi bila habari. Akipata mahali penye damu, hewa na muda, anaweza kutoa sumu inayoingia mwilini na kuuangusha mwili mzima. Madaktari wanauita ugonjwa huo TSS, kifupi cha toxic shock syndrome. Si wa tamponi peke yake. Aliyeupa jina mwaka 1978, daktari James Todd wa Denver, aliukuta kwa watoto, wa kiume wakiwemo.

Ni nadra sana. Wanawake mamilioni wanatumia tamponi maisha yao yote wasimjue hata mmoja aliyeupata. Lakini nataka niseme jambo kwa sisi tunaoishi kwenye mbu. Dalili zake ni homa kali ya ghafla, kutapika, kuharisha, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, maumivu ya misuli, na wekundu wa ngozi kama mtu aliyeungua jua, wekundu ambao kwenye ngozi nyeusi hauonekani kirahisi. Sasa nenda na dalili hizo zahanati yoyote ya mtaani kwetu. Utapimwa malaria, utapimwa taifodi, utapimwa mkojo, utaandikiwa dawa za vyote vitatu. Hakuna atakayekuuliza kama una tamponi, kwa sababu huenda huyo tabibu hajawahi kukutana na mgonjwa mwenye nayo. Kwa hiyo useme wewe. Itoe kwanza, kisha nenda, na neno la kwanza useme niko kwenye hedhi na nilikuwa nimeweka tamponi. Mimi nilishikwa na homa siku ya tatu, mwaka juzi. Niliitoa nikiwa natetemeka, nikaenda, nikalisema hilo mbele ya kijana wa maabara aliyeona haya kuliko mimi. Ilikuwa malaria. Nikanywa dawa nikapona, lakini ningesema tena.

Kusahau nako kupo. Siku ya mwisho, damu imekaribia kukata, mtu anaiacha ndani na kuendelea na maisha, baada ya siku kadhaa anaanza kutoa harufu asiyoielewa. Au anaweka ya pili juu ya ya kwanza. Hofu inayofuata ni kwamba imepotea tumboni. Haiwezi kupotea. Mwisho wa uke kuna mlango wa kizazi, na tundu lake ni dogo mno kupitisha tamponi. Kama uzi umeingia ndani, nawa mikono, chuchumaa, sukuma kama mwenye haja kubwa, uipapase kwa vidole viwili. Ukishindwa, nenda kwa nesi. Ni kazi ya dakika mbili kwake na ameshaona makubwa kuliko hayo.

Kwenye makundi ya WhatsApp mtaletewa pia habari ya madini. Ina mzizi wa kweli: mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipima tamponi 30 za chapa 14 na kukuta ndani yake madini, risasi (lead) ikiwemo. Hawakupima kama madini hayo yanatoka kwenye pamba na kuingia mwilini. Anayekuandikia kwa herufi kubwa kwamba zimethibitishwa kuua hajaisoma. Mimi niliisoma, na naendelea kuzitumia siku za bahari na safari, siku nyingine nabaki na pedi. Binamu yangu wa Mombasa ambaye pedi anaziita sodo, jina ambalo bibi zetu walikiitia kile kitambaa, amehamia kwenye kikombe cha hedhi na ananisimanga.

Swali ninaloulizwa kuliko yote si la afya, ni la bikira. Mama mmoja alinivuta pembeni kwenye msiba, msibani jamani, akanong'ona kama ni kweli natumia vile vitu na kama binti yake akivitumia ataharibika. Nilimjibu hivi. Kizinda si kifuniko. Kingekuwa kifuniko damu ya hedhi ingepita wapi? Ni ukingo wa ngozi laini wenye uwazi, mwingine mpana mwingine mwembamba, na wachache sana huzaliwa nao ukiwa umeziba, hao hupelekwa hospitali kwa sababu tumbo linauma kila mwezi na damu haitoki. Tamponi ndogo kwa kawaida inapita kwenye uwazi huo. Inaweza kuuvuta, hata kuuchana kidogo, kama kunavyoweza kuuvuta kuruka au baiskeli. Bikira ni habari ya mtu kulala na mtu. Pamba si mtu. Hakuridhika, nilimwona. Lakini alishika mkono wangu muda mrefu kuliko kawaida ya kupeana pole.

Upatikanaji nao ni hadithi. Dar utazikuta kwenye supamaketi kubwa na maduka ya dawa ya Masaki na Mlimani City. Nikienda Tanga nabeba zangu. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba wafanyabiashara hawakushusha bei. Kenya waliiondoa tangu 2004. Kwa msichana anayekosa hata pedi ya shuleni, makala hii yote ni anasa, nami najua hilo ninapoandika.

Ilikuwa Tanga hukohuko, likizo ya mwisho wa mwaka, somo yangu alipokikuta kisanduku kwenye begi langu. Alikuwa anatafuta dawa ya kuchua. Akakitoa, akakigeuza, akakiweka juu ya meza kama kitu cha ushahidi. Nilikuwa na miaka 31, nina mtoto, na nikahisi nina 13.

"Hizi risasi ni za nini, mwanangu?"

Sikujua pa kuanzia, hivyo nikaleta bilauri ya maji. Nikafungua moja, nikaishika kwa uzi, nikaichovya. Ikanyonya, ikavimba, ikachanua taratibu kama ua, maji yakapungua bilaurini. Somo akavuta kiti. Akasogeza miwani. Alitazama kimya muda mrefu, kisha akashika uzi kwa vidole vyake viwili, akaivuta juu, akaona jinsi inavyotoka bila tone kudondoka.

"Kumbe ni utambi," akasema. "Kama wa koroboi."

Nikamwambia ndiyo, somo, ni utambi. Akauliza unakaa muda gani, nikamwambia saa nane mwisho, ukizidi una hatari. Akauliza hatari gani, nikamweleza ya 1980, ya homa, ya wanawake wa Marekani. Uso wake ukabadilika. Aliitupa ile ya bilaurini yeye mwenyewe, kaizungushia magazeti mawili.

Tangu siku hiyo anajua tarehe zangu kuliko mimi. Jioni ya siku ya pili, baada ya sala ya magharibi, simu inaita, na hasalimii. Sauti ileile iliyonifungia mlango wa chumba miaka ile, ila sasa anapiga kelele kwa sababu masikio yamechoka, na nyuma yake nasikia redio na wajukuu na nusu ya mtaa.

"We! Utambi umetoa?"